Mtungi wa Gesi Haupimwi kwa Mwali

Ukipita asubuhi Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Tegeta au Bunju, kibanda cha mitungi ya gesi hakikosekani, mara nyingi kikiwa ubavuni mwa kibanda cha mkaa. Mitungi ya kilo 3, 6 na 15 imepangwa ndani ya kizimba cha nondo, na bodaboda yupo karibu akisubiri kuifikisha kwa wateja. Biashara hii itazidi kukua. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zilikwishaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Kaya nyingi zinazopokea mtungi leo ni kaya zilizolelewa na jiko la mkaa, ambako kila kitu huonekana kwa macho: mkaa ukipungua unauona, ukizima unauona, ukiwa wa moto mkono unakuambia. Mtungi umefungwa, haukuonyeshi kitu, na ndiyo maana watu huusoma kwa kubahatisha. Wapo wanaoutikisa, wapo wanaosikiliza mlio wa koki, na walio wengi huutazama mwali. Makala haya yanashauri njia nyingine, na ushauri wote unatokana na jambo moja: presha ya mtungi hukuambia joto la gesi iliyomo, wala haikuambii imebaki kiasi gani. Mtu akilielewa hilo, ataacha mazoea ambayo humtia hasara, na mengine yanayoweza kumtia msiba.

Presha, ambayo vitabu vya shule huiita kanieneo, ni nini hasa? Mwaka 1738 mwanahisabati wa Uswisi, Daniel Bernoulli, alitoa jibu ambalo wenzake walichukua zaidi ya miaka 100 kulikubali. Alisema gesi ni chembe ndogo mno zisizotulia, zinazokimbia huku na huku na kugonga kuta za chombo, na kwamba mapigo hayo yasiyohesabika kwa pamoja ndiyo tunayoyahisi kama msukumo. Leo tunajua kasi zake. Molekuli ya propani, moja ya gesi mbili kuu zilizo katika mtungi wa jikoni, hukimbia kwa wastani wa takriban mita 400 kwa sekunde katika joto la kawaida la Dar es Salaam, ingawa haifiki mbali kabla ya kugongana na jirani yake. Ukiongeza joto, chembe hukimbia zaidi, hugonga kwa nguvu zaidi na mara nyingi zaidi, na presha hupanda. Ukiongeza idadi ya chembe katika nafasi ileile, wagongaji wanakuwa wengi, na presha hupanda vilevile. Katika kimiminika chembe zimebanana, zinapishana kama abiria ndani ya daladala la saa kumi na mbili jioni, zikishikiliwa na mvutano wa wenzake. Katika kitu kigumu kila moja inatetemeka papo hapo ilipo.

Sasa tuingie ndani ya mtungi. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na kilichomo kwa sehemu kubwa ni kimiminika. Ukiuinua mtungi mpya na kuutikisa taratibu, unakisikia kikicheza. Juu ya kimiminika hicho kuna nafasi iliyojaa mvuke, na hapo kuna biashara isiyokoma: chembe zenye kasi huchomoka kutoka kwenye kimiminika na kuwa mvuke, na chembe za mvuke zilizopungukiwa kasi hurudi kwenye kimiminika. Zinapolingana zinazotoka na zinazorudi, presha hutulia. Propani peke yake, katika nyuzi joto 30, hutulia kwenye bar 10.8 hivi, yaani karibu mara 11 ya msukumo wa hewa inayotuzunguka. Butani peke yake hutulia kwenye bar 2.8. Mchanganyiko huwa katikati, kutegemea kila moja ni kiasi gani. Jambo la kushika ni kwamba kulingana huko hakutegemei wingi wa kimiminika kilichobaki. Kiwe kilo 15 au nusu kilo, maadamu kipo na joto halijabadilika, ukichota mvuke kidogo kupitia koki, kimiminika hutoa chembe nyingine kuziba pengo, na presha hurudi pale ilipokuwa.

Kwa kulinganisha, angalia bajaji na teksi za Dar es Salaam zinazotumia gesi asilia. Gesi hiyo, inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay, kwa sehemu kubwa ni methani, na methani haikubali kuwa kimiminika kwa kubanwa tu isipokuwa ipozwe hadi chini ya nyuzi 82 chini ya sifuri. Kwa hiyo ndani ya tangi la bajaji kuna gesi tupu, iliyobanwa hadi karibu bar 200. Hapo hakuna kimiminika cha kuziba pengo. Kila chembe inayotoka ni mgongaji mmoja aliyepungua, na mshale wa geji ukishuka hadi nusu, dereva anajua amebakiwa na takriban nusu ya gesi. Geji yake inasema kweli. Geji hiyohiyo ukiifunga kwenye mtungi wa jikoni itakudanganya, maana itasimama karibu palepale tangu siku ya kwanza hadi kimiminika kinapokaribia kukauka. Kwa sababu hiyo sishauri mtu atumie fedha zake kununua vigeji vya kufungwa juu ya mtungi kwa matumaini ya kujua gesi imebaki kiasi gani. Vinaweza kusaidia kuonyesha uvujaji mkubwa, lakini kazi ya kupima kilichobaki haviwezi.

Kinachoweza ni mizani. Kila mtungi halali una uzito wake mtupu ulioandikwa kwenye kola au mwilini. Tuseme umeandikwa kilo 7.6, na ni mtungi wa kilo 6. Siku unaponunua lazima uzito wa jumla uwe karibu kilo 13.6. Wiki mbili baadaye ukikuta kilo 10.1, umebakiwa na kilo 2.5, na ukigawanya kwa unachotumia kwa siku unajua siku zilizosalia bila kubahatisha. EWURA, mamlaka inayosimamia biashara hii, imekuwa ikisisitiza wauzaji wawe na mizani dukani, na Wakala wa Vipimo ndiyo yenye jukumu la kuhakikisha mizani hizo ni sahihi. Kwa hiyo kumwomba muuzaji aupime mtungi mbele yako, kabla bodaboda hajaufunga, ni haki yako, wala muuzaji mwaminifu haoni ubaya wowote. Mtu atauliza, mama mwenye chumba kimoja Chamazi au Buza apate wapi mizani ya nyumbani? Swali ni la haki. Mizani ndogo ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki, inatosha kwa mtungi mdogo, na majirani wa nyumba moja ya kupanga wanaweza kuchangia moja. Bila mizani ipo njia ya maji: mwagia maji ya uvuguvugu ubavuni mwa mtungi kwa mstari kutoka juu hadi chini, subiri kidogo, kisha upitishe kiganja. Penye kimiminika chuma kitakuwa baridi, kwa sababu kimiminika hunyonya joto haraka kuliko mvuke. Juu yake chuma kitabaki na uvuguvugu. Mpaka wa baridi na uvuguvugu ndio usawa wa gesi yako.

Pingamizi kubwa ninalolitarajia ni hili: mbona mwali hupungua gesi inapokaribia kuisha, kama presha haibadiliki? Anayesema hivyo amechunguza vizuri, na anastahili jibu kamili. Kwanza, propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, wakati butani huchemka karibu na sifuri yenyewe, kwa hiyo propani hukimbilia kutoka mapema na mwishoni hubaki butani nyingi, yenye presha ndogo. Pili, kutoka kuwa kimiminika hadi kuwa mvuke kunahitaji joto, na joto hilo huchotwa kwenye kimiminika chenyewe na kwenye chuma cha mtungi. Chembe zinazoondoka ndizo zenye kasi zaidi. Zinazobaki ni za polepole, maana yake kilichobaki kimepoa. Kimiminika kikiwa kingi kina akiba kubwa ya joto na kimegusa chuma sehemu kubwa. Kikiwa kidogo hupoa upesi. Kwa hiyo mwali hudhoofika kweli, lakini unadhoofika kwa sababu kadhaa zilizochanganyika, na hauwezi kukuambia ni ipi. Mtungi wa nusu unaopikia maharage kwa saa tatu bila kupumzika unaweza kuonyesha mwali wa mtungi unaokwisha. Mtungi mdogo wenye jiko lake juu, usio na regyuleta, hufuata kila badiliko la presha, basi mwali wake hutofautiana hata kati ya mchana wa jua na alfajiri ya mvua. Jiko la mezani lenye regyuleta hufanya kinyume: regyuleta hushusha presha ya mtungi hadi takriban bar 0.03 juu ya hewa ya nje na kuishikilia hapo, kwa hiyo mwali hubaki uleule mpaka karibu na mwisho kabisa. Mmoja hukuogopesha mapema, mwingine hukuonya umechelewa.

Hapo ndipo mazoea mabaya yanapoingia. Mwali ukidhoofika, na hasa kwa mkaanga chipsi au mama lishe ambaye wateja wamemsimamia, kuna wanaoulaza mtungi au kuuinamisha ili "gesi yote itoke". Inayotoka hapo si mvuke tena. Koki imewekwa juu kwa sababu moja, kwamba ichote mvuke kwenye nafasi ya juu. Ukiulaza mtungi, kimiminika hufika kwenye koki na kuingia kwenye regyuleta na mpira. Lita moja ya kimiminika hiki ikigeuka mvuke hujaza takriban lita 250, na regyuleta haikutengenezwa kupokea kitu cha namna hiyo. Mwali unaweza kuruka ghafla kutoka inchi moja hadi kimo cha mpishi. Wengine huutia mtungi ndani ya beseni la maji ya moto, au husogeza jiko la mkaa karibu yake ili "upate nguvu". Kwa hakika unapata nguvu, maana joto ndilo linalozipa chembe mwendo, lakini hujui umeupa kiasi gani, na mtungi hauna njia ya kukuambia umezidisha. Dawa salama ni ya polepole: upumzishe, uuache hewa ya kawaida ya chumba iurudishie joto lake, na kama kazi yako inachoma gesi nyingi kwa mfululizo, tumia mtungi mkubwa au mitungi miwili kwa zamu. Mtungi mkubwa una chuma kingi kinachogusana na hewa na kimiminika kingi cha kugawana baridi, hivyo haupoi upesi. Kwa Dar es Salaam yenye joto lake, subira ya muda mfupi hutosha mara nyingi. Njombe au Makete asubuhi ya Julai ni habari nyingine, kwa sababu butani katika nyuzi 5 ina presha inayozidi ya hewa ya nje kwa kiasi kidogo tu.

Joto lenyewe linahitaji maneno zaidi, kwa kuwa hapa akili ya kawaida hukosea hesabu. Hewa iliyofungwa ndani ya tairi ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 50, presha yake huongezeka kwa chini ya asilimia 7, kwani chembe ni zilezile, zimeongezeka kasi tu. Propani ndani ya mtungi ikipanda kiasi hichohicho, presha hutoka bar 10.8 hadi zaidi ya 17, ongezeko la karibu asilimia 60. Tofauti inatokana na kimiminika: joto linaongeza kasi ya wagongaji waliopo na papo hapo linaongeza wagongaji wapya kutoka chini. Mitungi hutengenezwa na kujaribiwa kwa presha kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo jua la Januari peke yake halipasui mtungi mzima uliojazwa vizuri. Lakini sioni sababu ya kuuacha juani kutwa, au ndani ya kijumba cha bati kisicho na dirisha ambacho mchana hugeuka tanuri, au ubavuni mwa jiko la mkaa kwa sababu jikoni ni padogo. Kama nafasi ni finyu, jiko la mkaa ndilo litoke nje.

Niliposema "uliojazwa vizuri" nilikuwa na maana. Mtungi haujazwi kimiminika pomoni. Huachwa nafasi ya mvuke, na kawaida kimiminika hakipaswi kuzidi takriban asilimia 80 ya ujazo wake. Wanunuzi wengine hudhani nafasi hiyo ni punjo la muuzaji. Kumbe ndiyo inayowalinda. Maji yakipata joto kutoka nyuzi 20 hadi 50 hutanuka kwa asilimia 1 tu. Propani na butani katika hali ya kimiminika hutanuka kwa kati ya asilimia 7 na 11. Penye nafasi ya mvuke, kimiminika hutanukia humo, na mvuke unaobanwa hurudi kuwa kimiminika bila ugomvi. Pasipo na nafasi, chembe zilizokwisha banana hazina pa kwenda, na kimiminika hakibonyei kama gesi. Kwa kila nyuzi inayoongezeka presha hupanda kwa kiwango ambacho hata chuma kizuri hakikutengenezwa kukivumilia. Ndiyo hatari ya gesi inayohamishwa kienyeji, kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, uani au nyuma ya duka, mtungi mmoja ukipinduliwa juu ya mwingine. Anayefanya hivyo hutegemea tofauti ya presha isukume kimiminika, na hana kifaa cha kumwambia asilimia 80 imefika. Nafuu ya bei anayokupa unailipia kwa mtungi usio na nafasi ya kupumulia, ukalala nao chumba kimoja. Ukikuta lakiri ya koki imeng'olewa, au mtungi una uzito unaozidi ulioandikwa pamoja na gesi yake, usiupokee hata kwa bure.

Mtu mwingine atasema: kama hatari ni nyingi hivi, si bora tubaki na mkaa? Hofu hii ipo, na kuibeza hakusaidii. Ila ipewe mahali pake. Matukio mengi ya moto wa gesi majumbani hayaanzi kwa mtungi kupasuka. Huanza kwa gesi iliyovuja polepole kupitia mpira uliochakaa, klipu iliyolegea au koki isiyofungwa, ikajikusanya chumbani, kisha ikakutana na cheche. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, butani mara mbili, kwa hiyo gesi iliyovuja hutambaa sakafuni, chini ya kitanda, kwenye pembe za chumba, na haitoki kwa dirisha la juu. Ikifika takriban asilimia 2 ya hewa, inaweza kuwaka. Haina harufu yake ya asili; ile harufu kali inayofanana na kabichi iliyooza hutiwa makusudi ili pua ikuokoe. Mkaa nao, ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa usiku kwa sababu ya mbu na baridi, hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu ya asili wala iliyotiwa, na imeua watu usingizini. Kati ya hatari inayonuka na isiyonuka, naichagua inayonuka, kwa sharti kwamba tuiheshimu.

Kuiheshimu kunaanza na sabuni. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye koki, kwenye regyuleta na urefu wote wa mpira, kisha fungua koki jiko likiwa limezimwa. Chembe zinazopenya tundu hata dogo sana zitavimbisha povu, na utaliona kabla pua haijanusa. Kiberiti kisitumike kamwe kutafutia uvujaji, ingawa wapo wanaofanya hivyo hadi leo. Usiku funga koki ya mtungi wenyewe, usitegemee kitufe cha jiko peke yake, kwa sababu koki ikiwa wazi mpira mzima umo kwenye presha kutwa kucha, na mpira ndio huchakaa kwanza. Ukinusa gesi, funga koki kama unaifikia, fungua mlango hadi mwisho kwa sababu gesi hutokea chini, toa watu nje, na usiguse swichi yoyote, iwe ya kuwasha au ya kuzima, maana zote hutoa cheche. Simu ipigwe ukiwa umeshatoka. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Bodaboda anayekuletea mtungi naye aambiwe aubebe wima, na ukifika uache utulie kidogo kabla ya kuufunga jikoni.

Lililobaki ni dogo, nalo halina gharama. Siku mtungi unapoingia nyumbani, andika kwa chaki au kwa kalamu ya wino mzito, ukutani karibu na jiko na si kwenye mtungi utakaourudisha, namba tatu: uzito mtupu, uzito wa jumla ulivyopimwa dukani, na tarehe. Mtungi wa pili ukiingia, andika tena chini yake. Baada ya mitungi mitatu au minne utajua nyumba yako hula gramu ngapi kwa siku, utajua mwezi gani maharage yalipikwa zaidi, na mtungi mmoja ukiisha siku tano kabla ya wakati wake, utakuwa na namba za kumwonyesha muuzaji, au sababu ya kuchukua povu la sabuni na kuukagua mpira upya.